Jiwe Juu ya Kaburi la Lilias Adie

Maji yakikupwa Torryburn, kijiji cha pwani ya Fife huko Uskoti, tope la ghuba ya Forth hubaki wazi na kuenea mbali, limejaa mwani na kokoto. Kati ya mwani huo kuna bamba la jiwe, pana na zito, linalokisiwa kufika nusu tani. Asiyejua atalikanyaga na kupita. Lakini jiwe hilo halikuletwa na maji. Lilibebwa na watu mwaka 1704, likawekwa juu ya sanduku la mbao lenye maiti ya mwanamke mzee, kwa sababu waliomzika walihofia kwamba angetoka.

Aliitwa Lilias Adie. Makaburi ya kanisa hayakumpokea, na baharini pia hakutupwa. Alilazwa katikati, kwenye ardhi ambayo bahari huijia mara mbili kwa siku, mahali ambapo si pa wafu wema wala si pa samaki. Alikuwa amefia kifungoni kabla kesi yake haijasikilizwa. Na kabla ya kufa alikuwa amekiri: kwamba kwa miaka mingi alikuwa mtu wa Shetani, kwamba alilala naye, kwamba aliukana ubatizo wake.

Hapo kwenye kukiri ndipo wasomaji wengi hukwama. Kama bibi huyu hakuwa mchawi, mbona alikubali? Alirukwa na akili? Aliteswa? Alijitakia? Jibu limesokotwa kwa nyuzi kadhaa, na ukivuta mmoja peke yake unakaza fundo.

Kwanza tuondoe picha ambayo wengi wetu tunayo kichwani: zama za giza, mapadre wenye kofia ndefu, kundi la wanakijiji wenye mienge, mwanamke anachomwa akiwa hai. Karibu yote hayo hayamo. Mwaka aliokufa Lilias, mwanasayansi Isaac Newton alikuwa rais wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi kule London. Walioshughulika na kesi yake walikuwa Waprotestanti waliosoma, wenye kumbukumbu za vikao na saini. Huko Uskoti waliohukumiwa kwa kawaida walinyongwa kwanza, kisha mwili ndio uliochomwa. Na mara nyingi hapakuwa na kundi la wenye hasira. Palikuwa na makaratasi.

Sheria isiyomjua mganga

Kiswahili kinatufaa sana katika kufungua fundo la kwanza. Sisi tuna mchawi na tuna mganga, na hata mtoto anajua kwamba mmoja hukimbiwa na mwingine hukimbiliwa. Waskoti wa vijijini nao walikuwa na watu wa namna hiyo ya pili: waliojua majani, waliowasaidia wanawake kujifungua, waliosoma sala juu ya mgonjwa, waliomwambia mtu ng'ombe wake aliyepotea yuko wapi.

Mwaka 1563, miaka mitatu tu baada ya nchi kuuacha Ukatoliki, Bunge la Uskoti lilipitisha sheria iliyoufuta mpaka huo. Adhabu ya kifo iliwekwa kwa anayefanya uchawi, na kwa anayemwendea mtu wa namna hiyo kumwomba msaada. Kwa wachungaji wa dini mpya hapakuwa na nguvu ya katikati. Kisichotoka kwa Mungu kimetoka kwa Shetani, hata kama kimemponya mtoto.

Agnes Sampson wa Nether Keith, mkunga na mganga aliyeitwa hata na watu wakubwa, aliijua sheria hiyo kwa mwili wake. Mfalme James VI alikuwa ameoa Anna wa Denmark mwaka 1589, na dhoruba zilizosumbua safari za baharini za bibi harusi na za mfalme mwenyewe zikaaminiwa kuwa kazi ya wachawi. Sampson alihojiwa mbele ya mfalme huyo, akashtakiwa kwa makosa 53, na Januari 1591 akanyongwa na kuchomwa Edinburgh. Ukiyapitia makosa hayo 53 utashangaa: mengi ni habari za kuponya watu na kutabiri nani atapona na nani hatapona. Kesi ile ilifungua wimbi la kwanza kubwa. Mengine yalifuata mwaka 1597, mwishoni mwa miaka ya 1620, mwaka 1649, na kubwa kuliko yote mwaka 1661 hadi 1662.

Tangu sheria ile ilipopitishwa hadi ilipofutwa mwaka 1736, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh wamehesabu watu 3,837 waliotuhumiwa, katika nchi iliyokuwa na watu kama milioni moja. Takribani 84 kwa kila 100 walikuwa wanawake. Kesi nyingi kumbukumbu zake hazikufika mwisho. Katika zile 305 ambazo hukumu yake inajulikana, watu 205 walipewa kifo.

Wazee wa kanisa na karatasi ya Edinburgh

Mwishoni mwa Juni 1704 jirani mmoja wa Torryburn, Jean Bizet, alipatwa na usiku mbaya. Waliokuwa naye walieleza baadaye kwamba alipiga kelele kama mtu anayebebwa na pepo, akimtaja Lilias na kizibao chake cha bluu, akimwomba Kristo amwokoe. Habari zilienea kijijini, na baraza la wazee wa kanisa likaitishwa.

Baraza hilo ndilo lililokuwa serikali ya karibu kabisa na mtu wa kawaida. Mchungaji na wazee wake waliketi na kuhoji walevi, wazinzi, wanaofua nguo Jumapili, majirani waliotukanana kisimani. Muumini wa PCEA, Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, kule Kenya atalitambua umbo lake mara moja, maana kanisa lake lilianzishwa na wamisionari wa Kiskoti, na parokia zake zinaongozwa hivyo hivyo hadi leo. Tofauti ni kwamba baraza la karne ya 17 lilikuwa na njia ya kumfikisha mtu kwenye moto.

Njia hiyo ilikuwa na hatua, na hapa inafaa tuende polepole, kwa sababu ndipo siri ya kukiri ilipo. Wazee wa kanisa wenyewe hawakuwa na mamlaka ya kuua. Walichoweza ni kukusanya ushahidi na kumweka mtuhumiwa chini ya ulinzi. Ushahidi huo ulipelekwa Edinburgh, na Baraza la Mfalme, likiridhika, lilitoa hati ya kuwaruhusu wenye mashamba wachache wa eneo hilohilo kuketi kama mahakimu. Wazee wa jopo, walioamua kama mtu ana hatia, walikuwa watu wa hapohapo pia. Kwa hiyo mtu alihukumiwa na walewale waliokuwa wakimnong'ona kwa miaka ishirini. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: mahakimu waliosikiliza kesi kule Edinburgh, mbali na kisima na ugomvi wake, waliwaachia huru watu wengi kuliko mahakama hizi za vijijini.

Na ni kitu gani kiliridhisha Edinburgh haraka kuliko vyote? Ungamo. Maneno ya jirani aliyelalamika kwamba ng'ombe wake alikauka maziwa yangeweza kubishiwa. Mwanamke aliyesema kwa kinywa chake "nilimpa Shetani nafsi yangu" alikuwa amewamalizia kazi.

Kwa hiyo mtambo wote, kuanzia mlango wa kanisa hadi meza ya mfalme, ulikuwa na njaa ya kitu kimoja. Pasipo ungamo, karatasi nyingi zingelala mezani.

Kumnyima mtu usingizi

Kisheria, mateso yalihitaji ruhusa maalumu kutoka juu. Ila kumkesha mtu macho hakukuhesabiwa kuwa mateso. Kulihesabiwa kuwa ulinzi. Wanaume wa kijiji walipangiwa zamu, wawili wawili, kukaa na mtuhumiwa na kuhakikisha hafumbi macho. Walikuwa majirani zake. Huenda mmoja wao alizaliwa mikononi mwa mtuhumiwa huyohuyo.

Mwaka huohuo wa 1704, huko Pittenweem, bandari nyingine ya Fife, Beatrix Laing, mke wa mtu aliyewahi kuwa mtunza hazina wa mji, alikeshwa siku tano mchana na usiku. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na mgonjwa wodini usiku wa pili na wa tatu anajua mambo yanavyoanza kulegea: sauti zinatoka ukutani, kivuli cha kiti kinakuwa mtu. Usiku wa nne hujui tena kama jambo fulani ulilitenda, uliliota, au uliambiwa. Ukiwa katika hali hiyo halafu mtu msomi, mchungaji unayemheshimu, akakuuliza si "je, ulikutana na Shetani?" bali "ulikutana naye lini, na wapi?", swali lenyewe linakuwa ngazi, na unapanda.

Kulikuwa pia na wachoma sindano. Iliaminika kwamba Shetani humwekea mtu wake alama mwilini, sehemu isiyosikia maumivu wala kutoka damu, basi walikuwapo mafundi waliozunguka nchi nzima wakilipwa kuitafuta kwa sindano ndefu. Mmoja wao, aliyewachoma watu kaskazini mwaka 1662 akijulikana kwa jina la mwanamume, aligundulika kuwa ni mwanamke, Christian Caddell. Sijui kisa kingine katika historia hii yote kinachostahili tamthilia kuliko hicho, lakini tumwache apite.

Alichosema Lilias

Tarehe 29 Julai 1704 Lilias aliongea mbele ya mchungaji Allan Logan na wazee wake. Logan alikuwa na sifa ya kunusa wachawi, husimuliwa kwamba siku moja, wakati wa meza ya Bwana, aliita ghafla, "Wewe mchawi, ondoka mezani!", na mwanamke mmoja akainuka akatoka.

Lilias alisema kwamba alikutana na Shetani mara ya kwanza mahali panapoitwa Gollet, kati ya Torryburn na Newmill, wakati wa mavuno, kabla jua halijachwa. Wakaahidiana kuonana kesho yake. Walilala pamoja kando ya miganda ya nafaka. Ngozi ya Shetani ilikuwa ya baridi, rangi yake nyeusi iliyopauka, amevaa kofia, na miguu yake ilikuwa na kwato kama za ndama. Alimwekea mkono mmoja utosini na mwingine chini ya nyayo, na kila kilichokuwa katikati ya mikono hiyo kikawa chake. Alisimulia pia mikutano ya usiku, watu ishirini au thelathini, wakicheza chini ya mwanga wa bluu usiokuwa wa mwezi wala wa mshumaa.

Soma tena maelezo hayo, ukiyapasua katika mafungu mawili. Ubatizo uliokanwa, mikono ya utosini na nyayoni: hayo utayakuta katika ungamo baada ya ungamo, Uskoti nzima, miaka mia moja kabla yake. Ni mafundisho ya mimbarini yaliyogeuzwa ndani nje. Waliouliza walikuwa nayo tayari. Walichohitaji ni mtu wa kuitikia. Lakini miganda ya nafaka, jua la jioni, kofia, na njia ya Gollet aliyoipita maisha yake yote, hivyo ni vyake. Pengine palikuwa na mwanamume kweli, miaka mingi nyuma, jioni moja ya mavuno, na aibu yake ikangoja hadi alipopatikana wa kuipa jina. Wanahistoria kadhaa wanaosoma maungamo ya wanawake hawa huelekea huko, na mimi naona wana hoja. Mwanamke aliyelelewa kuamini kwamba kila dhambi ya mwili ni mlango wa Ibilisi hahitaji kusukumwa sana ili aamini kwamba yule bwana wa kofia hakuwa mtu.

Baadaye, walipomuuliza kama bado anayashikilia maneno yake, alijibu kwamba ni kweli kama jua linavyoangaza kwenye sakafu ile, na kwamba hata kwa macho yake yalivyofifia, alikuwa analiona. Jibu hilo linaniganda. Si la punguani. Ni la mtu anayeona vizuri kilichoko mbele yake, ajuza mwenye macho mabovu aliyetazama kipande cha mwanga sakafuni akakitumia kama shahidi.

Kisha wakataka majina. Ungamo moja lilikuwa halitoshi. Kila mchawi alipaswa kuwataja wenzake wa mikutanoni, nao wakamatwe, wakeshwe, wataje wengine. Hivi ndivyo kesi moja ya mwaka 1590, iliyoanza na mtumishi wa ndani aitwaye Geillis Duncan kule Tranent, ilivyozaa makumi ya washtakiwa. Lilias alitaja majina, lakini karibu yote yalikuwa yale yaliyokwisha kujulikana, ya wafu na ya waliokwisha kunyooshewa kidole. Na wale wengine? Hakuwatambua, alisema. Walikuwa wamefunika nyuso kama mabibi wa heshima.

Sitaki kumvika taji asilolitafuta. Lakini fikiria werevu wa jibu lile. Hakukataa, maana kukataa kungerudisha maswali. Alikubali kwamba walikuwapo, wengi tu, halafu akawavika barakoa. Tena barakoa za mabibi, yaani wanawake wa tabaka la walewale waliokuwa wakimhoji. Baraza liliendelea kuhoji wanawake wengine wa Torryburn, ila moto haukuwaka.

Moto wenyewe ulikuwa na bei

Kama mtu anadhani moto ule uliwashwa na hasira tu, na atazame hesabu za Kirkcaldy, mji mwingine wa Fife, za mwaka 1633, walipouawa mume na mke, William Coke na Alison Dick. Mizigo kumi ya makaa ya mawe, pauni 3, shilingi 6 na peni 8. Pipa la lami, shilingi 14. Kamba, shilingi 6. Mnyongaji kwa kazi yake, pauni 8 na shilingi 14. Na kuipata ile hati ya Edinburgh, pauni 9 na shilingi 3. Hizo ni pauni za Kiskoti, zilizokuwa na thamani ndogo kuliko za Uingereza, na gharama ziligawanywa kati ya kanisa na mji. Ona kwamba karatasi ilikuwa ghali kuliko mnyongaji.

Katika siku za Lilias, karatasi hiyo ilikuwa imeanza kuwa ngumu kupatikana. Mawakili wa Edinburgh walikuwa na mashaka, si lazima juu ya kuwapo kwa Shetani, bali juu ya ushahidi: unathibitishaje? Vijiji havikupenda. Januari 1705 kule Pittenweem watu walimshika Janet Cornfoot, wakamburuta ufukweni, wakamfunika kwa mlango na kupanga mawe juu yake hadi akafa. Hilo lilikuwa kundi kweli, na lilikuja pale sheria ilipoanza kusita. Hakuna aliyeadhibiwa.

Mwaka 1736 sheria mpya ya Bunge la Uingereza ilianza kutumika na kuligeuza kosa juu chini. Kuwa mchawi halikuwa tena kosa. Kosa lilikuwa kujidai una nguvu za uchawi. Msomaji wa Kenya anaweza kusikia mwangwi wake nyumbani: Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyoletwa na wakoloni, nayo humlenga anayejitangaza au kujidai kuwa na nguvu hizo.

Mifupa

Wengi wa waliouawa hawana kaburi, kwa kuwa waligeuka majivu. Lilias anayo alama kwa sababu alikufa mapema, na kwa sababu waliamini kwamba Shetani angeweza kuuinua mwili wake ukarudi kusumbua walio hai. Nusu tani ya jiwe ilikuwa kipimo cha woga wao.

Aliyemtoa hakuwa Shetani. Mwaka 1852 mkusanyaji mmoja wa vitu vya kale kutoka Dunfermline aligharamia kuchimbwa kwa kaburi. Zilikuwa zama za wasomi walioamini kwamba tabia ya mtu husomeka kwenye mabonde na vilima vya fuvu lake, na fuvu la mchawi lilikuwa bidhaa. Mbao za jeneza zilichongwa fimbo za kutembelea. Moja ilimfikia Andrew Carnegie, yule tajiri wa chuma aliyezaliwa Dunfermline. Fuvu lilipita mkono hadi mkono, likahifadhiwa Chuo Kikuu cha St Andrews, likapigwa picha mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1938 likaonyeshwa kwa umma kwenye maonyesho makubwa ya Glasgow. Baada ya hapo likapotea.

Jiwe liligunduliwa upya mwaka 2014, wanaakiolojia wa Fife wakifuata maelezo ya karne ya 19 na kungoja maji yakupwe. Miaka mitatu baadaye Christopher Rynn wa Chuo Kikuu cha Dundee alizichukua zile picha za fuvu na kuijenga sura kwa kompyuta, kama polisi wanavyofanya kwa maiti isiyojulikana. Alichopata ni uso wa bibi wa kawaida kabisa, meno ya juu yametokeza kidogo, macho yanatazama kama ya mtu unayekaribia kumsalimia.

Tarehe 8 Machi 2022 Nicola Sturgeon, aliyekuwa waziri kiongozi wa Uskoti, aliomba radhi bungeni kwa waliotuhumiwa chini ya sheria ya 1563, na Kanisa la Uskoti likafuata mwezi Mei. Halmashauri ya Fife ilikuwa imekwisha kutoa ombi dogo zaidi mwaka 2019: yeyote mwenye fuvu, mfupa, au kipande cha mbao kutoka kaburi lile, kwenye dari ya nyumba au sandukuni mwa babu yake, akirudishe, ili Lilias azikwe. Safari hii bila jiwe.